Feni wa Kibanda cha Mwisho

"Mimi si mkatili. Nina macho tu," nilimwambia binti yangu. "Na yanaona mbwa anateseka."

"Unaona unachotaka kuona, mama."

"Naona damu sakafuni. Hiyo nayo nimeitaka mimi?"

Alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha mwisho, mgongo mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa. Nyuma yake, ndani ya giza, kulikuwa na ile sauti ya kucha juu ya saruji, kra-kra-kra-kra, mzunguko mmoja ukiingia ndani ya mwingine bila pumziko. Mbele yake alisimama daktari wa wanyama akiwa ameshika trei yenye sindano iliyokwisha kuvutwa dawa. Mimi nilikuwa katikati na beseni la mablanketi kiunoni. Ugomvi ulinikuta napita kwenda kuanika, na sijaumbwa kupita kimya watu wakibishana.

"Dakta, nipe wiki moja," binti yangu alisema.

"Ulishaniomba wiki. Nikakupa." Dakta ni mtu mpole mno, hata akikusema unadhani anakubembeleza. "Hali chakula, halali, nyayo zimechubuka hadi nyama. Ungekuwa wewe ndiye daktari ungefanyaje?"

"Ningesubiri."

"Ungesubiri nini?" nikaingilia. "Afe mwenyewe ili wewe usiwe umeamua? Mwanangu, hiki kituo ni chako, mlango huo ni wako, kauli ni yako. Toa kauli, mbwa apumzike, na wewe ukalale. Umekonda mpaka aibu."

Akanikazia macho. "Akichomwa huyu sindano, mama, mimi nafunga kituo. Nakwambia kweli. Sitaweza tena."

Na binti yangu hatishii. Akisema atafanya, hufanya. Amerithi kwangu.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana. Nina diploma yangu ya ustawi wa jamii, nimeikalia kitako, na kazi yangu yote ni kujua nani hajala, nani analia chooni na nani amemficha nani kabatini. Jumamosi huja kwenye kituo cha binti yangu cha kutunza mbwa waliokosa makwao. Nafua, nashona, nagombana, jioni naondoka. Sikuwa mpenzi wa mbwa. Nilikuwa mpenzi wa binti yangu, na mbwa walikuja naye kama mizigo.

Lakini ukifua mablanketi ya mbwa unajifunza tabia zao. Mbwa wa kawaida akiletwa hulia, hukataa uji, halafu asubuhi moja unamkuta amejikunja kama ndiye mwenye nyumba. Wale waliozaliwa kwa kazi ni habari nyingine kabisa. Tunaye mmoja, mkubwa, tunamwita Askari, alikuwa mbwa wa kampuni ya ulinzi hadi kiuno kikamchakaa. Wenzake wakilala yeye huinuka, anapita kila komeo analigusa kwa pua, kisha anarudi kukaa. Usipomruhusu azunguke hivyo, hutafuna mlango. Alikuwapo mwingine wa kuwindia, yeye alinusa viatu vyangu kwa utaratibu kama mtu anayesoma gazeti, na nilipobadilisha viatu alisononeka siku nzima. Hawa hawapumziki kwa sababu umewapa blanketi. Blanketi ni kwa ajili ya aliyechoka, na wao hakuna aliyewachosha.

Feni ndiye alikuwa amezidi. Alitoka kwenye shamba la kondoo. Mwenye shamba alizeeka, wanawe wakamhamishia ghorofani kwao, kondoo wakauzwa, mbwa akabaki bila mtu. Ni mwembamba, mweusi, mwenye kola nyeupe shingoni, sikio moja limesimama, jingine limelala, na macho ya kahawia yanayokutazama kana kwamba anasubiri umalize sentensi. Jina lake la kwake hakuna aliyelijua. Hilo la Feni alilipata hapa, kwa kuzunguka.

Mwanzoni hakuwa anazunguka. Alikuwa akienda huku na huku nyuma ya wavu unaotazama ua, kimya, ameinama, akikodolea macho mbwa wenzake walioko nje. Dakta akasema anajichosha kwa kuona asichokifikia, tumzibie asione, atulie. Nikashona pazia la turubai mimi mwenyewe, pindo mara mbili, pete za chuma, na kamba ya kulivutia kutoka koridoni ili mtu asilazimike kuingia. Kazi safi. Hata mwanga haukupita.

Na ajabu, majuma yale yale tukapona tatizo jingine. Mbwa wa uani walikuwa na kituko cha kurundikana kwenye kona ya tangi la maji. Ukiwatoa asubuhi wanatawanyika, ukigeuka wamebanana konani kama abiria wanaokimbia mvua. Tulihangaika. Dakta akawapima damu. Binti yangu akafukua mfereji kutafuta panya. Mimi nikasema ni ile sabuni ya sakafu, inawachoma nyayo, nikabadilisha sabuni. Wakaacha kurundikana! Nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza. Kweli walianza kupigana, leo huyu kachanika sikio, kesho yule kaumwa mguu, lakini tukasema ni joto.

Basi, ndivyo tulivyokuwa asubuhi ile, Dakta na trei yake, binti yangu na mikono yake, mimi na beseni langu.

"Sawa," binti yangu akasema mwishowe. Alisema kwa sauti ndogo, akaishusha mikono kama mtu aliyekatwa nyuzi. "Lakini nitamshika mimi."

"Utamshika wewe," Dakta akakubali.

Binti yangu alifungua mlango, akachungulia. Kra-kra-kra-kra. Sakafuni palikuwa na duara, na si duara la uchafu, la saruji iliyolika. Ndani ya lile duara Feni alikuwa anakimbia kuelekea kushoto, kichwa chini, ulimi nje, haoni mtu.

"Sioni kitu," Dakta akasema. "Nitaupataje mshipa kwenye giza hili? Mama, naomba utuvutie pazia."

Nikaweka beseni chini, nikashika kamba, nikavuta. Turubai likateleza kwenye pete zake, mwanga wa ua ukaingia wote kwa pamoja.

Kucha zikanyamaza.

Nilidhani ameanguka. Nikatazama. Alikuwa amesimama katikati ya duara lake, ameganda, uso kwenye wavu. Nje, Askari na mbwa mmoja wa manjano walikuwa wanazungukana juu ya mpira uliotoboka, manyoya ya mgongo yamesimama, wengine wamejipanga pembeni kama watu wanaosubiri ngumi ianze. Binti yangu alikwisha kugeuka apige kelele.

"Shh," Dakta akasema. "Mwacheni."

Feni akashuka. Sijui neno bora kuliko hilo. Alishuka taratibu hadi kifua kikakaribia kugusa saruji, akanyoosha shingo, akainua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani. Na akatazama. Hakubweka, hakuonyesha jino. Alitazama tu, na mbwa wa manjano akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa. Askari akauacha mpira.

Feni akasogea hatua chache kushoto kando ya wavu. Nje, kundi likasogea kulia. Akasogea tena, akasimama, akarudi kidogo. Mbwa mmoja mdogo aliyekuwa anachimba shimo peke yake mbali kule akaacha kuchimba, akaenda kuungana na wenzake, na mkiani kwake hukuona hofu, uliona utii tu. Na mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kamba. Miaka yangu yote ya bweni nimewasikia walimu wakipayuka hadi koo linakauka, na darasa halinyamazi. Huyu hakuwa ametoa sauti hata moja. Hakuwa hata upande wao wa wavu.

Alipomaliza, mbwa wote wa uani walikuwa wamesimama kimya, bega kwa bega, kwenye kona ya tangi la maji.

Kisha binti yangu akanigeukia taratibu.

"Mama. Haikuwa sabuni."

"Nimeona," nikasema.

"Ulinifanya nimwage mapipa mazima ya sabuni."

"Nimeona, nimesema! Na Dakta je, aliyewatoa damu?"

Dakta alicheka bila sauti, trei ikatetemeka mkononi. "Mimi ndiye niliyesema azibwe macho," akasema. "Mbwa huyu jicho lake ndilo mkono wake. Tulimfunga mikono, halafu tukashangaa anahangaika." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nimesoma habari zao chuoni. Kusoma, nilisoma. Sikuwahi kuona."

Feni hakutugeukia. Alibaki ameinama pale wavuni, kundi lake kule konani, na mwili wake wote ukitetemeka kama waya uliovutwa sana.

"Fungua geti la ua," nikamwambia binti yangu.

"Askari atamrarua."

"Dakika chache zilizopita ulikuwa tayari kumshika achomwe sindano. Fungua."

Dakta alitaka kusema kitu, akaacha. Binti yangu akapita kando ya Feni, akavuta komeo la geti dogo la wavu. Lilikuwa limeshika kutu kwa kutofunguliwa, ikabidi alipige teke.

Feni hakukimbilia kundi. Hapo ndipo niliposhangaa upya. Mbwa yeyote angekwenda moja kwa moja. Yeye aliondoka kwa kuambaa ukuta, akazunguka ua wote kwa mbali, kwa mbio hata miguu huioni, akatokea nyuma yao upande wa pili, na akashuka. Kwa nyayo zile. Nyayo ambazo Dakta alikuwa amesema hazifai hata kukanyagia.

Askari akageuka. Akamwonyesha meno yote aliyo nayo, na anayo mengi. Uzito wake ni Feni wawili na nusu. Binti yangu akaniminya mkono hadi nikaumia. Feni hakurudi nyuma wala hakujibu. Aliusogeza mguu mmoja mbele, akaushusha, akamwangalia. Wakakaa hivyo. Kisha yule mzee wa kampuni ya ulinzi akafunga mdomo wake, akapiga chafya, akageuka akatembea na wenzake kama vile ndilo lililokuwa wazo lake toka mwanzo.

"Ee Mungu wangu," Dakta akasema.

Feni akawatoa konani. Akawapitisha kando ya ukuta, akawavusha ua, akawaleta hadi mbele ya vibanda, kazi ambayo binti yangu na msaidizi wake huifanya kila jioni kwa kamba, vipande vya mkate na matusi. Akawasimamisha pale. Akamkuta Dakta ametoka na trei yake kuangalia vizuri, akamzungukia naye, akamsogeza ukutani kati ya Askari na yule wa manjano.

"Mimi pia?" Dakta akauliza.

"Simama ulipowekwa," nikamwambia.

Tulicheka. Tulicheka sana, na katika kucheka tukachelewa kuona kwamba haachi.

Aliwabana. Walikuwa wamekwisha kukusanyika, hapakuwa na pa kwenda tena, lakini yeye bado alikwenda kushoto, kulia, kushoto, akilikaza lile duara. Mbwa mmoja kikongwe tunayemwita Bibi akaanza kuhema vibaya, ulimi umekuwa wa bluu pembeni. Mdogo akapiga ukelele, amekanyagwa. Na kila Feni alipopita aliacha alama nyekundu chini.

"Feni! Acha!" binti yangu akaita. "Feni, njoo! Njoo hapa!"

Sikio halikugeuka. Lile lilikuwa jina letu sisi, halikuwa lake.

"Feni, basi!"

Kushoto, kulia, kushoto. Bibi akapiga magoti. Askari akaanza kunguruma chini kwa chini, na safari hii haikuwa ya kuonyesha meno tu. Nikamwona Dakta, pale pale ukutani, uso umebadilika, mkono unakwenda kwenye sindano.

"Hajui kuacha," akasema. "Ndilo nililoliogopa. Ataua mmoja au atakufa yeye. Samahani, mwanangu."

Sikufikiri. Mtu asije akadhani nilifikiri. Shingoni huwa nina filimbi, hata Jumamosi, nikiivua najiona sijavaa. Kule bwenini mpulizo mfupi ni amkeni, mpulizo mmoja mrefu ni kila mtu kitandani na taa zizimwe. Nikiona msukumano wowote, wa foleni ya bafu au wa mlangoni, mkono huenda wenyewe. Nikaitia mdomoni nikapuliza, mmoja, mrefu, hadi pumzi ikaisha.

Feni akaanguka chini.

Hakuanguka kama mgonjwa. Aliangushwa na ile sauti, tumbo, kidevu, mkia, vyote kwa mara moja, kama kitambaa kinachotua. Akabaki hapo, hakuna kilichocheza mwilini mwake isipokuwa macho, na macho yalikuwa yamegeuka kunitazama mimi.

Ua ulinyamaza hivi kwamba nilisikia bomba likidondosha maji. Mbwa wakalegea mmoja mmoja. Askari akajikung'uta. Bibi akajikokota hadi kwenye beseni la maji, akanywa.

"Mrefu mmoja," Dakta akasema polepole. "Wachungaji hupuliza hivyo. Mrefu mmoja: lala chini, kazi imekwisha."

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo. "Kwa hiyo muda wote ule…"

"Alikuwa zamu," Dakta akasema. "Hakuna aliyemwambia imekwisha."

Mimi si mtu wa kulia lia, na hapo sikulia. Nilimwendea. Nimewahi kukaa na mtoto aliyekataa kulala hadi mama yake apige simu, na simu haikuja. Najua uso ule. Huyu alikuwa ametembea duara hadi saruji ikalika, akilisubiri neno moja kutoka kwa mzee aliyekwisha kupelekwa ghorofani, na neno lenyewe lilikuwa linaning'inia shingoni kwangu kila Jumamosi nikipita na beseni.

Nikachuchumaa. Magoti yakalia. "Basi, baba," nikamwambia. "Umefanya kazi. Basi."

Akashusha pumzi ndefu, ile inayotoka hadi mbavu zinabonyea. Akalaza kichwa juu ya kiatu changu, na akalala. Katikati ya ua, juani, mbwa wakimrukaruka, mpira ukiburutwa pembeni yake. Alilala kwa namna ambayo Dakta alikuja kumwekea vidole ubavuni kuhakikisha.

"Yupo," akasema. Akakaa chini pale pale na koti lake jeupe. Akachukua kile kifuniko cha plastiki, akakirudisha kwenye ncha ya sindano. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema, "Kesho je?"

Binti yangu akamwangalia.

"Nisikudanganye. Leo kapata kazi, kalala. Jioni utamrudisha mle, utavuta komeo, asubuhi utamkuta kwenye duara lake. Jumamosi ijayo nitakuja na sindano hii hii, na sitakuwa na jibu jingine."

"Hatarudi mle kufungiwa," binti yangu akasema. Sauti ilikuwa imemrudia. Ilikuwa sauti yangu kabisa, nikajisikia vizuri. "Asubuhi atawatoa yeye. Jioni atawaingiza yeye. Katikati, mama atanifundisha kupuliza."

"Shika," nikasema, nikaivua filimbi nikamvika shingoni. "Nitajipatia nyingine. Usiicheze. Mrefu ni mrefu kweli, usipulize kama unapoza uji."

"Na usiku?" Dakta akauliza.

"Usiku atalala kibandani kwake. Ila mlango huu wa uani hautafungwa. Akiamka atoke akawatazame, arudi. Kama Askari anavyofanya na makomeo yake."

"Msaidizi wako atasahau," nikasema. "Atapita jioni, ataona mlango wazi, atavuta komeo. Si kwa ubaya. Mkono huenda wenyewe, kama wangu na filimbi."

"Nitamwambia."

"Utamwambia mara ngapi? Mlango usiofungwa wa nini?"

Binti yangu alikwenda koridoni, akarudi na nyundo na bisibisi, na sikungoja anikabidhi. Niliuvuta mguu wangu polepole kutoka chini ya kichwa cha Feni, nikaling'oa turubai langu kwenye pete zake, nikalikunja likakaa badala ya kiatu. Nikaenda kwenye lile geti dogo la wavu. Pini ya bawaba ya juu ilikuwa na kutu, nikaiwekea bisibisi, nikapiga kutoka chini. Ikatoka kwa kelele. Ya chini ikakataa.

"Dakta, acha kushangaa. Beba upande huu."

Akaja, akaweka trei chini, akabeba. Binti yangu akashika katikati. Nikapiga tena, na tena, pini ikaruka ikagonga tangi, na mlango mzima ukatuangukia mikononi.

"Tunauweka wapi?" binti yangu akauliza, akihema.

Mbele ya bomba kuna tope ambalo nimelilalamikia tangu kituo kifunguliwe. Nikaelekeza kwa kidevu. Tukaubeba watatu, tukaulaza pale, wavu juu, nikapanda juu yake na kujaribu uzito wangu. Ulishikilia. Nikachukua beseni langu la mablanketi, nikavuka bila kuloa kiatu, nikaenda kuanika.